Kwinteti ya klarineti: ya Mozart au ya Brahms, na kwa mwendo upi?

Ukitafuta kwinteti ya klarineti, mbili zitakutangulia mbele kabla ya nyingine zote. Ya kwanza ni ya Mozart katika A meja, iliyokamilika Septemba 1789. Ya pili ni ya Brahms katika B maina, iliyoandikwa kiangazi cha 1891. Zimepishana miaka 102, lakini ala ni zile zile tano: klarineti, fidla mbili, viola na selo. Hata klarineti yenyewe ni ya aina moja, ile ya A. Na kwa kuwa kila moja huchukua nusu saa na ushei, tangu CD ije watayarishaji wamezoea kuzibana pamoja kwenye diski moja, na msikilizaji mgeni hudhani amenunua pacha. Akifika nusu ya diski ndipo anaposhangaa.

Huduma za kusikilizia muziki hujaribu kumsaidia mgeni huyo kwa vipimo vitatu: mapigo kwa dakika, ufunguo (noti na ngazi ambayo muziki unaichukulia kuwa nyumbani, kama A meja au B maina), na neno moja la hali, "tulivu" au "huzuni" au "changamfu". Programu niliyokuwa nikiitumia zamani iliibandika sehemu ya kwanza ya Brahms D meja. Nilicheka. Halafu nikairudia rekodi yenyewe, na kicheko kikaniishia, maana kosa lile lilikuwa na sababu nzuri kuliko majibu mengi sahihi niliyowahi kuyaona. Nitalieleza hapa chini.

Ninachoshikilia ni hiki: ufunguo ukusaidie kuchagua kwinteti, na mwendo ukusaidie kuchagua rekodi. Hali ya moyo usimwachie mtu wala mashine ikuandikie.

Ufunguo: nyumba yenye milango zaidi ya mmoja

Mozart hakuachi gizani hata kidogo. Ala nne za nyuzi zinaanza peke yake, taratibu, kama sauti nne za kwaya zinazotembea pamoja, na kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) ya kwanza kabisa ni A meja isiyo na ubishi. Klarineti inajibu kwa kupanda ngazi za kodi na kuteremka mbio. Ndani ya nusu dakika unajua uko wapi, nani mwenyeji na nani mgeni.

Brahms anafanya kinyume. Fidla mbili zinaanza bila besi chini yake, na noti zinazocheza zinaweza kuwa za D meja au za B maina; funguo hizo mbili zina shapu (alama za kupandisha noti) zile zile mbili, F na C, kwa hiyo alama zilizo mwanzoni mwa mstari haziamui lolote. Klarineti nayo inaingia ikipanda kodi ya D meja, polepole, kama mtu anayeingia chumbani akitabasamu. Ni baada ya hapo tu ndipo B maina inapokaa kitini na kuonekana kwamba ilikuwa yake tangu mwanzo. Sasa unaona kwa nini ile programu ilisema D meja. Brahms alitaka usijue. Mashine ilijibu swali ambalo mtunzi aliliacha wazi kwa makusudi.

Usije ukafikiri basi kwamba meja ni furaha na maina ni kilio, ukachagua kwa kigezo hicho. Hesabu sehemu zenyewe. Katika Mozart, sehemu ya kwanza inapofika kwenye wimbo wake wa pili, fidla inauimba katika E meja huku selo ikidonolewa kwa vidole. Kisha klarineti inauchukua wimbo ule ule na kuuingiza E maina, na nyuzi zinaanza kupiga katikati ya mapigo, kama moyo uliopoteza mpangilio. Ni kitambo kifupi tu. Lakini kwangu hapo ndipo kipimo cha rekodi yoyote ya Mozart kilipo: ikiwa wapigaji wanapita hapo bila kitu chochote kubadilika, si rangi wala pumzi, sina haja ya kusikiliza zaidi. Menyueti yake, sehemu ya mtindo wa dansi, ina kipande cha A maina ambacho klarineti inakaa kimya kabisa na kuziachia nyuzi. Sehemu ya mwisho, ambayo ni wimbo mwepesi unaogeuzwa-geuzwa, ina mgeuzo wa tatu katika A maina ambapo viola inalia peke yake juu ya wenzake. Hiyo yote iko ndani ya kazi "changamfu" ya A meja.

Brahms naye, mwenye sifa ya huzuni, ametumia meja kuliko watu wanavyokumbuka. Sehemu ya pili, Adagio (yaani polepole), ni B meja. Ya tatu inaanza D meja, tulivu kama maji ya asubuhi, kabla haijageuka kuwa mbio nyepesi za B maina. Katika sehemu ya mwisho mgeuzo wa nne ni B meja. Kwa hiyo sehemu mbili kati ya nne zinafungua katika meja, na bado hakuna aliyewahi kuiita kazi hii ya furaha. Sababu ni kwamba kila meja ndani yake ina dalili ya kutodumu. Mozart hupita kwenye kivuli akijua nyumbani ni mahali penye mwanga. Brahms hupita kwenye mwanga akijua nyumbani ni wapi.

Jambo dogo kwa wapigaji, wasikilizaji mnaweza kuliruka: kwenye klarineti ya A, noti iliyoandikwa hulia nafasi tatu za nusu-toni (hatua ndogo kabisa kati ya noti na noti) chini yake. Mpigaji wa Mozart ana C meja mbele ya macho, karatasi safi isiyo na shapu wala flati (alama za kushusha noti). Mpigaji wa Brahms anasoma D maina. Ukiona karatasi ya klarineti peke yake mtandaoni usidhani umepewa ufunguo mwingine.

Usisome maisha yao kwenye kasha

Maelezo ya kasha hupenda kukuambia kwamba Mozart alikuwa kijana mwenye furaha na Brahms mzee mpweke. La pili lina ukweli kidogo: mwaka 1890 Brahms alikuwa ameamua kuacha kutunga, kisha akamsikia Richard Mühlfeld, mpiga klarineti wa okestra ya Meiningen, na mwaka uliofuata, akiwa na miaka 58, akaandika trio na kwinteti hii kwa ajili yake akiwa Bad Ischl. La kwanza ni uongo mtupu. Mwaka 1789 Mozart alikuwa na miaka 33 na madeni yaliyomfika shingoni. Barua zake za kumwomba mkopo rafiki yake Michael Puchberg zipo hadi leo na hazisomeki kwa raha. Katikati ya hayo ndipo alipoiandika kazi yenye mwanga kuliko nyingi alizowahi kuandika, kwa ajili ya rafiki yake mpiga klarineti, Anton Stadler. Kwa hiyo ukitaka kujua hali ya kazi, iulize kazi yenyewe.

Mwendo, na namba zinazodanganya

Hapa ndipo ninapotaka kukaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo rekodi mbili za kazi moja zinapoweza kuwa vitu viwili tofauti.

Mozart hakuacha namba yoyote ya mapigo kwa dakika. Asingeweza: alikufa 1791, na metronomu ya Maelzel, kifaa cha kupimia mapigo, ilipata hataza mwaka 1815. Brahms aliishi na metronomu na hakuipenda. Kwinteti hii hana namba aliyoiwekea. Wote wawili wametuachia maneno ya Kiitaliano tu, na sehemu ya kwanza ya kila kwinteti ina neno moja lile lile: Allegro, yaani kwa haraka na uchangamfu. Ukizisikiliza mfululizo utacheka. Allegro ya Mozart ni ya mapigo manne, inatembea kifua mbele. Allegro ya Brahms ni ya sita kwa nane, mapigo mawili makubwa yenye noti ndogo tatu kila moja, inayumba kama chombo kilichotia nanga. Neno ni moja, mwendo wa mwili ni mwingine kabisa.

Namba za programu zina mitego miwili au mitatu ambayo ni vizuri uijue kabla hujachagua kwa kuzitazama. Wa kwanza ni huo huo wa sita kwa nane: mashine ikihesabu kila noti ndogo, itakupa namba mara tatu ya ile ya mtu anayehesabu mapigo mawili makubwa. Kazi inaonekana ya mbio kumbe inabembea. Wa pili ni kwamba muziki huu hauna ngoma inayoshikilia saa. Wapigaji watano wanavuta na kuachia, na katika Adagio ya Brahms kuna kipande kirefu cha katikati, Più lento (polepole zaidi), ambacho klarineti inapaa na kuporomoka kwa mtindo wa wapigaji wa Hungaria wa jamii ya Waroma (waliozoeleka kuitwa "Gypsy") huku nyuzi zikitetemeka chini yake. Kukipa kipande hicho namba moja ya mapigo ni kama kupima urefu wa moshi kwa rula.

Mtego wa tatu ni urefu wa muda. Watu hutazama kwamba rekodi hii ya sehemu ya kwanza ni dakika 13 na ile ni dakika 10, wakahitimisha kwamba ya kwanza ni ya polepole. Mara nyingi sivyo. Sehemu za kwanza za kwinteti zote mbili zina alama ya kurudia theluthi ya mwanzo. Kuna wanaorudia na kuna wanaopita moja kwa moja. Kabla hujasema "hawa wanavuta", sikiliza kama walirudia.

Sasa, masikio yangu yanapenda nini? Nitasema wazi ili ujue unamsikiliza nani: naamini kwinteti zote mbili huharibiwa na upole uliozidi kuliko na haraka.

Sehemu ya pili ya Mozart imeandikwa Larghetto, si Largo (polepole sana) wala Adagio. Herufi zile za mwisho zina maana ya "kidogo". Nyuzi zimebanwa vibano vya kupunguza sauti na klarineti inaimba juu yake mapigo matatu matatu. Kipimo changu ni cha mwili: jaribu kuuimba msemo wa kwanza wa klarineti kwa pumzi moja pamoja na rekodi. Ukiweza, mwendo ni sawa. Ukibanwa katikati, wapigaji wameamua kwamba uzuri ni kunyoosha, na hapo wimbo unakuwa pambo la hoteli. Kwinteti hii ikipigwa hivyo mara nyingi hupewa neno "tulivu" na kuwekwa kwenye orodha za kulalia. Ni kuionea.

Menyueti sina mengi ya kusema. Karibu kila mtu huipiga vizuri.

Sehemu ya mwisho ya Mozart ni Allegretto, yaani Allegro kidogo. Wimbo wenyewe ni mwepesi, karibu wa kitoto. Baadaye, karibu na mwisho, kuna mgeuzo wa Adagio ambapo kila kitu kinasimama na klarineti inaonekana kukumbuka jambo, kisha Allegro fupi inafunga kazi. Adagio hiyo haiwezi kukugusa kama wimbo wa mwanzo ulikuwa tayari umekokotwa.

Kwa Brahms dhambi ni hiyo hiyo, ila inasameheka zaidi kwa sababu inaonekana kama unyenyekevu. Muziki una huzuni, basi wapigaji wanaongeza ya kwao juu yake. Lakini sehemu ya mwisho imeandikwa Con moto, yaani iende, isogee. Wimbo wake unageuzwa mara tano, na wa tano unaingia katika mapigo ya tatu kwa nane, kisha polepole ule mwanzo wa sehemu ya kwanza, zile fidla mbili zisizojulikana ziko wapi, unarudi. Kurudi huko kunahitaji kukuvamia ukiwa unaenda. Rekodi iliyokuwa imeketi tangu mwanzo haina pa kusimamia.

Rekodi zenyewe

Kwa Brahms ningekuanzishia na Reginald Kell na Busch Quartet, 1937. Sauti ni ya enzi ya santuri za mizunguko 78, yenye mkwaruzo chini yake, na kazi ilikatwa vipande kwa sababu upande mmoja wa santuri ulibeba dakika nne na kidogo. Lakini mwendo unasonga, na Kell anatumia mtetemo kwenye klarineti, jambo ambalo wengi wa wakati wake hawakulifanya na wengi wa leo hawalifanyi pia. Kuna watakaoipenda sauti hiyo mara moja na watakaoikataa kabisa. Mimi ni wa kundi la kwanza. Angalizo moja kwa rekodi za zamani kama hii: zikihamishwa kutoka kwenye santuri kwa kasi isiyo sahihi, mwendo na ufunguo huhama pamoja. Kasi ikizidi kwa asilimia 6 hivi, kila noti inapanda nusu-toni, na B maina yako inakuwa C maina. Ukiona toleo moja linasikika limechangamka isivyo kawaida, lilinganishe na jingine kabla hujawasifu wapigaji.

Ukitaka kinyume chake, yupo Karl Leister na Amadeus Quartet, 1967. Leister alikuwa mpiga klarineti mkuu wa Berliner Philharmoniker, okestra ya Berlin, na anatumia klarineti ya mfumo wa Kijerumani: sauti iliyonyooka, ya mviringo, bila mtetemo, kana kwamba imetiwa mafuta. Mtetemo wote uko kwenye nyuzi, na tofauti hiyo inampa klarineti upweke ambao Kell hana. Kama masikio yako hayavumilii kelele za rekodi za kale, chukua hii.

Gervase de Peyer na Melos Ensemble, wa miaka ya 1960, wamerekodi zote mbili, na ni chaguo la mtu anayetaka ulinganisho wa haki: wapigaji wale wale, mtunzi tofauti. Hawana makeke. Nimewahi kuwaona wakawaida mno, nikawarudia baada ya mwaka nikajiona mjinga.

Kwa Mozart kuna swali jingine kabla ya mwendo: klarineti ipi? Stadler alikuwa na ala iliyoteremka nusu-toni nne chini ya klarineti ya kawaida, ile ambayo leo huitwa klarineti ya basseti. Muswada wa mkono wa Mozart umepotea, na chapa zilizotoka baada ya kifo chake ziliandikwa kwa ala ya kawaida, kwa hiyo kuna mahali ambapo wimbo unateremka na ghafla unaruka juu, kama mtu aliyefika ngazi ya mwisho akakuta imevunjika. Thea King, pamoja na Gabrieli String Quartet, ameipiga kwa klarineti ya basseti ngazi zikiwa zimerudishwa. Ukishazoea, ala ya kawaida inakuwa na pengo. King na Gabrieli wana Brahms pia, katika rekodi nyingine.

Eric Hoeprich na London Haydn Quartet wanatumia ala za mitindo ya kale. Nyuzi za utumbo, klarineti ya mbao yenye vifungo vichache. Wapigaji wa ala hizi, wakicheza Mozart, mara nyingi hushusha noti A hadi mizunguko 430 kwa sekunde badala ya 440 ya leo. Hiyo ni chini ya nusu ya nusu-toni, hutasema ufunguo umebadilika, lakini A meja inapoteza ule ung'avu wa kioo na kupata joto. Kwa mwenye sikio lililozoea piano iliyotuniwa kwa 440, dakika ya kwanza itamsumbua. Asubiri hadi ya tatu.

Kwa hiyo uanze na ipi?

Kama hujawahi kabisa kusikiliza muziki wa kundi dogo, anza na Mozart, kwa sababu moja tu ya kiufundi: daima utajua nani anaongea. Klarineti ya Mozart ni mwimbaji na nyuzi ni wenzake, hata anapowapa nafasi. Kwa Brahms klarineti inajifutika ndani ya viola na selo, inatoka, inazama tena, na sikio lisilozoea linaweza kupotea dakika kumi nzima likidhani hakuna kinachotokea.

Kama umeshazoea, au kama una siku ambayo hutaki kuchangamshwa na mtu, basi Brahms, na usianze mwanzo. Anza na Adagio. Nyuzi zimebanwa sauti, klarineti inashuka noti tatu tu, taratibu, na fidla inazirudia ikiwa imechelewa kidogo. Ikiwa noti hizo tatu hazikukamata, kazi hii si yako kwa sasa na hakuna haja ya kujilazimisha.

Kwa kazi za mikono au kusoma, Mozart anakubali kuwa nyuma yako. Brahms hakubali. Nimejaribu mara nyingi kuandika huku anacheza na kila mara ile Più lento imenisimamisha kalamu.

Jambo la mwisho ni la diski zile zinazobeba zote mbili. Mara nyingi Mozart hutangulia na Brahms hufuata, na ni mpangilio wa busara, kwa sababu Brahms inamalizika kwa kodi mbili za B maina, moja ya nguvu na nyingine ndefu ya chini, na baada ya hapo kinachohitajika ni ukimya. Diski ikiwa imepangwa kinyume, au simu yako ikichezesha bila mpangilio, zima mkono kwa mkono mara tu kodi ile ya pili inapokwisha. Ile A meja ya Mozart ikiingia sekunde mbili baadaye itasikika kama mtu aliyefungua pazia bila kubisha hodi.